Nimeambiwa nina saratani ya utumbo mpana, sasa nangoja kuitwa kupasuliwa

Mama, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina umri wa miaka 44, na ni fundi cherehani hapa Korogwe. Nimeona unawajibu wagonjwa na kwamba umekuwa muuguzi kwa miaka mingi, ndiyo maana nimejikaza nikuandikie.

Mwaka jana, kuanzia mwezi wa tano hivi, nilianza kuona damu nikienda haja kubwa. Zahanati waliniambia ni bawasiri wakanipa dawa ya kupaka, baadaye nikatibiwa amiba mara mbili, na safari nyingine nikaambiwa ni taifodi. Damu haikukoma. Mwili ulipungua, na kutembea kutoka nyumbani hadi sokoni kukawa kunanifanya nihema kama mtu aliyekimbizwa. Ilipita miezi minane mpaka daktari mmoja kijana aliponipima wingi wa damu akakuta 8.1, akanipima kwa kidole njia ya haja kubwa, na siku hiyo hiyo akaniandikia rufaa.

Hospitali ya rufaa nilifanyiwa kipimo cha kamera. Uvimbe niliuona kwa macho yangu kwenye kioo, mwekundu, umeota ukutani mwa utumbo, na daktari akachukua vinyama vya kupeleka maabara akaniambia nirudi baada ya wiki tatu. Niliporudi, majibu hayakuonekana. Wiki ya tano nikaambiwa yalikuwa tayari siku nyingi, ila karatasi ilikuwa imewekwa kwenye faili la mtu mwingine. Ni saratani ya utumbo mpana, upande wa kushoto, sehemu ya chini. Nikaandikiwa siti skani, na mashine ikawa mbovu siku kumi na mbili. Sasa skani imesomwa, wanasema ini na mapafu hayana kitu, na daktari wa upasuaji amesema nitafunguliwa, nisubiri kupigiwa simu. Leo ni wiki ya tisa tangu kamera, na ni siku ya kumi na sita tangu niambiwe nitapigiwa.

Simu naiweka juu ya meza ya cherehani, pembeni ya mkasi. Ikilia, mguu unatoka wenyewe kwenye pedali. Juzi aliyepiga alikuwa mteja anaulizia sare za harusi, nikashindwa kumjibu, nikalia mbele ya mwanafunzi wangu wa ushonaji. Usiku nalala saa mbili au tatu tu.

Mume wangu ni mtu mwema, lakini wifi yangu amemwambia kwamba saratani ikiguswa na kisu husambaa mwili mzima, na kwamba yuko mtaalamu anayetoa dawa ya kuharisha inayosafisha tumbo lote. Nauli imeshatafutwa. Mama yangu ana presha na sijamwambia. Binti yangu mkubwa yuko kidato cha nne, naye hajui. Anayejua kila kitu ni mdogo wangu wa kike, mwenye miaka 38, anayenisindikiza hospitali. Nimesikia pia kwamba nitawekewa mfuko wa kinyesi tumboni, na hilo linanitisha kuliko kisu. Chakula nimekipunguza, kwa sababu nikila ndipo naenda chooni, na nikienda chooni ndipo naona damu. Nashindia uji na chai ya rangi.

Nikae vipi katika kungoja huku, Mama? Na je, kila siku ninayokaa hapa, uvimbe unakua?

Fundi, Korogwe

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na swali la mwisho, maana naamini ndilo linalokuamsha saa nane za usiku. Saratani nyingi za utumbo mpana huanza kama kinyama kidogo laini kinachoitwa polipu, ambacho huchukua miaka, mara nyingi kumi au zaidi, kabla hakijageuka kuwa saratani. Uvimbe uliouona kwenye kioo ulikuwa umeanza safari yake ungali unashona sare za shule za huyo binti wakati anaanza darasa la kwanza. Kwa hiyo haukui kwa kasi ya siku, kwamba Jumatatu ulikuwa hivi na Ijumaa umekuwa vile, na wiki zilizotumika kuupima hazikupotea, kwa sababu daktari asiyejua hali ya ini na mapafu hawezi kupanga upasuaji sahihi.

Lakini sitakuficha upande wa pili. Utafiti uliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali, uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la madaktari la BMJ huko Uingereza, ulionyesha kwamba kila wiki nne za kuchelewesha upasuaji wa saratani huongeza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 6 hadi 8. Huko Uingereza kwenyewe, lengo waliloliweka ni kwamba mgonjwa aanze tiba ndani ya siku 62 tangu aandikiwe rufaa ya haraka ya kushukiwa saratani. Wewe umeshazifikisha siku hizo tangu kamera peke yake. Nimekuandikia haya, ingawa yanatisha, ili usione haya hata kidogo kupiga simu na kuuliza, na ili mtu yeyote asikuambie kwamba unasumbua.

Kwa miaka 27 niliyofanya kazi wodi ya upasuaji, nimeona kungoja kwa aina mbili, na mgonjwa asiyezitofautisha huteseka mara mbili. Kuna kungoja ambako ndani yake kazi inafanyika. Kinyama chako, kwa mfano, kiliwekwa kwenye kichupa chenye formalini kikakaa humo ili kisioze, kikapitishwa kwenye dawa za kukausha maji, kikazamishwa katika nta ya moto, na nta ilipoganda kikakatwa vipande vyembamba kuliko shifoni yoyote uliyowahi kuishika, milimita moja ukiigawa mara mia tatu hivi. Vipande hivyo hutiwa rangi ya zambarau na waridi, ndipo mtaalamu wa patholojia akavitazama kwa hadubini, na wataalamu hao nchini mwetu ni wachache mno kuliko vinyama vinavyowangoja. Siku hizo hazikuwa na njia ya mkato.

Aina ya pili ni kungoja kwa faili lililosahauliwa. Karatasi yako ilipokaa kwenye faili la mtu mwingine, hakuna kazi iliyokuwa ikifanyika, na kama usingerudi wiki ile ya tano, huenda ingekuwa ingalipo humo. Kwa hiyo aina ya kwanza ivumilie. Ya pili ifuatilie, kwa adabu na bila kuchoka. Siku hizi kumi na sita sijui ni za aina gani, na wewe hujui, na hilo ndilo la kwanza la kulitafutia jibu.

Mwombe mdogo wako aichukue kazi hii, maana wewe sauti itakutetemeka. Apige simu Jumanne na Ijumaa asubuhi kwenye kliniki ya upasuaji, au aende mwenyewe ikiwa simu haipokelewi, akiwa na namba ya faili mkononi. Asiulize “vipi, bado?” kwa sababu swali hilo hujibiwa “bado”. Aulize kama faili limeshajadiliwa kwenye kikao cha madaktari, kama umewekwa kwenye orodha ya upasuaji na ni wa ngapi, kama kuna kipimo kinachokosekana, na kama daktari wa usingizi ameshapangiwa kukuona. Aandike kwenye daftari tarehe, alichojibiwa na cheo cha aliyemjibu. Mara nyingi nimeona upasuaji umekwama kwa jambo ambalo ndugu wangelimaliza kwa siku moja, na jambo hilo kwa kawaida ni damu. Kwa wingi wa damu wa 8.1 hospitali yaweza kukuomba ndugu wachangie chupa kadhaa kabla ya tarehe. Usingoje uombwe, mdogo wako aulize leo kiasi kinachohitajika, na shemeji zako vijana waende kwenye kituo cha damu salama wiki hii. Suala la gharama likikwama, ofisi ya ustawi wa jamii iko ndani ya hospitali hiyo hiyo na kazi yake ni kukusikiliza kabla hamjauza kitu.

Sasa chakula, na hapa nitakugombeza kidogo. Damu unayoiona haitokani na kula. Inatoka kwenye uvimbe, ule au usile. Unaposhindia uji na chai unaupeleka kwenye kisu mwili usio na kitu cha kuungia kidonda, na utumbo ulioshonwa huungana kwa protini, kama vile vazi lisivyoweza kusimama bila uzi. Mgonjwa anayeingia chumba cha upasuaji akiwa amelishwa na amekuwa akitembea hupona upesi kuliko aliyelala akingoja. Kula kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku: mayai, samaki, maziwa au mtindi, mtori wenye nyama iliyosagika, uji uliotiwa karanga zilizosagwa laini au unga wa dagaa. Muulize daktari kama utumbo umekuwa mwembamba pale penye uvimbe, na mpaka akujibu acha makande, mahindi ya kuchoma na matunda yenye nyuzi nyingi, kwa sababu vitu hivyo vyaweza kukwama. Ikiwa umepewa vidonge vya kuongeza damu, vimeze na maji ya machungwa, na kwa watu wa Korogwe wenye Muheza jirani hilo si gumu. Chai ya rangi huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini, kwa hiyo ikae mbali na vidonge kwa saa mbili. Choo kitakuwa cheusi kwa sababu ya vidonge hivyo, usishtuke. Ikiwa hujapewa, uliza kwa nini, maana mwanamke anatakiwa awe na 12 au zaidi, na wiki za kungoja ndizo hasa za kuipandisha damu.

Tembea kila siku asubuhi kabla jua halijawa kali, hata dakika kumi kwa kuanzia, ukipumzika moyo ukikimbia. Jioni kaa wima, vuta pumzi ndefu kwa pua, ishike mpaka uhesabu tatu, iachie taratibu kwa mdomo, mara kumi. Mapafu yaliyozoeshwa hivyo hayapati nimonia kwa urahisi baada ya nusu kaputi. Usimeze diklofenaki wala ibuprofeni bila ruhusa, kwa sababu huongeza kutoka damu.

Kuna dalili ambazo hazingoji simu ya mtu. Tumbo likivimba na kukaza, ukatapika, ukakosa choo na hata ushuzi usitoke, huenda utumbo umeziba. Vivyo hivyo damu ikitoka nyingi kwa mfululizo, au maumivu makali yakaja ghafla pamoja na homa, au ukaanza kuzimia. Hapo nenda hospitali usiku huo huo, ukiwa na majibu ya kinyama na ya skani, na mume wako alijue hili kama anavyojua njia ya kwao.

Hilo linanileta kwa wifi yako. Simwoni kuwa adui, kwa sababu maneno yake yana chanzo, na chanzo hicho nimekishuhudia. Wengi wetu hufika hospitali saratani ikiwa imeshatawanyika. Madaktari hufungua, huona hakuna cha kuondoa, hufunga, na mgonjwa hufariki baada ya muda mfupi. Waliobaki nyumbani hukumbuka kwamba alikuwa akitembea kabla ya kisu, wakakilaumu kisu. Ukweli ni kwamba kwa saratani ya utumbo mpana ambayo haijafika mbali, upasuaji ndio tiba yenyewe inayoweza kuiondoa. Huko Marekani, ambako hesabu za wagonjwa huwekwa kwa muda mrefu, watu 9 hivi kati ya 10 ambao saratani yao ilikutwa haijatoka nje ya utumbo huwa hai miaka 5 baadaye. Hatua kamili ambayo ugonjwa wako umefikia itajulikana baada ya upasuaji, matezi yaliyotolewa pamoja na utumbo yatakapopimwa, kwa hiyo jiandae kwamba kutakuwa na kungoja kwingine kidogo, na huenda ukahitaji dawa za saratani baadaye. Lakini ini na mapafu, ambako saratani hii hupenda kukimbilia kwanza, yameonekana hayana kitu, na nimefurahi kuyasoma maneno hayo katika barua yako.

Dawa ya kuharisha usiinywe. Mtu mwenye damu 8.1 na uvimbe kwenye njia akiharishwa kwa nguvu hupoteza maji na chumvi, figo huumia, na penye uvimbe panaweza kuziba au kutoboka. Dua na sala zisikome, na mwache wifi yako aziongoze ikiwa anataka. Mpe kazi hiyo kwa heshima. Mume wako mchukue kliniki safari ijayo, aketi mbele ya daktari, aulize mwenyewe lile la kisu kusambaza. Mwanamume aliyebaki nyumbani akingoja kusimuliwa hushika neno la kwanza linalomfikia, na ile nauli aliyoitafuta inaonyesha kwamba anataka kufanya jambo.

Kuhusu mfuko. Uvimbe ukiwa upande wa kushoto chini, mara nyingi daktari hukata kipande chenye ugonjwa na kuziunga ncha mbili palepale, bila mfuko. Wakati mwingine, kama damu ni ndogo, au utumbo umevimba, au upasuaji umefanywa kwa dharura, huona ni salama kutoa ncha ya utumbo nje ya tumbo kwa miezi kadhaa kisha airudishe. Muulize wazi: kwangu mimi unatarajia lipi, na likiwa la mfuko, ni la muda au la kudumu? Tundu hilo ni jekundu na laini kama ndani ya mdomo, na ukiligusa haliumi. Nimewauguza walimu, madereva na mama ntilie waliorudi kazini nalo. Na jambo moja ambalo wengi hawaambiwi, nawe kama fundi linakuhusu zaidi: kabla ya upasuaji omba muuguzi akuchore alama ya mahali pa mfuko ukiwa umesimama, kisha umeketi, kisha umeinama mbele kama unavyoinama kwenye cherehani. Alama ikichorwa ukiwa umelala chali tu, mfuko waweza kuangukia penye mkunjo wa tumbo au chini ya mshipi wa sketi, ukawa unavuja kila ukikanyaga pedali.

Mama yako na binti yako waambie, na uwaambie mwenyewe, kabla hawajaambiwa na jirani. Kwa mama nenda asubuhi akiwa ameshameza dawa zake za presha, pamoja na mdogo wako, useme kwa ufupi kwamba kuna uvimbe, umeonekana, na madaktari watautoa. Binti yako ameshaona umekonda, ameshakusikia usiku, na mtoto wa kidato cha nne anayekisia peke yake hukisia kaburi. Mtihani wake ni Novemba. Akijua sasa ana miezi ya kuzoea, na shuleni ajulishwe mwalimu wake mmoja tu.

Na huyo mdogo wako anayekusindikiza, naye ana habari yake. Mtu akipata saratani hii, ndugu zake wa damu na watoto wake hushauriwa kuanza kupimwa miaka 10 kabla ya umri ambao yeye aligundulika, au wakifika 40, kutegemea lipi linatangulia. Wewe una 44, kwa hiyo kwao ni 34, na yeye amepita. Safari moja ya hizo anazokuja nawe amwambie daktari, aandikiwe kamera yake, kwa sababu polipu ikikutwa mapema hutolewa kwa kamera hiyo hiyo na hadithi ikaishia hapo.

Kuhusu usiku, sitakudanganya kwamba hofu itaondoka. Simu ya hospitali iite kwa mdogo wako, kwa kumwomba karani aongeze namba yake kwenye faili, ili simu yako irudi kuwa ya wateja. Daftari la maswali liweke kando ya kitanda. Swali likikuamsha liandike, maana lililoandikwa halina haja ya kukumbukwa mpaka asubuhi. Ukipitisha wiki mbili hulali, mwambie daktari kama unavyomwambia maumivu mengine, na wala si aibu.

Mchana shona, kazi nyepesi, usiache. Kabla ya sare za harusi jishonee gauni mbili za kuvaa hospitali, za pamba, pana, zinazofunguka mbele kwa vifungo vikubwa ambavyo mkono wenye sindano ya dripu utaviweza, na kiunoni usiweke lastiki.